Salfa Katika Chumba cha Binti Yangu

Kabla sijafika kwenye kompyuta niseme kwanza habari ya chumba, maana bila chumba hamtanielewa.

Nyumba yetu ya Mtawanya ina vyumba vitatu. Kimoja nalala mimi. Kimoja analala kaka yangu, tuliyerudiana naye uzeeni baada ya kila mmoja kufiwa. Cha tatu kilikuwa cha binti yangu wa mwisho, na ndicho peke yake chenye kufuli la maana, kwa sababu alipokuwa msichana alipenda kujifungia asome. Akaenda kusoma Dar es Salaam, kisha kazi ikamchukua mpaka Mwanza. Mwaka wa kwanza chumba kilikaa kitupu, kitanda kimetandikwa. Mwaka wa pili tukaweka majembe. Mwaka wa tatu kitanda akaomba mpwa wangu, tukampa, tukaweka salfa.

Mwenye mikorosho anaijua salfa. Kwa asiyeijua, ni unga wa njano tunaopuliza kwenye mikorosho inapoanza kutoa maua, yasishikwe na ugonjwa wa ubwiri unga. Inapulizwa alfajiri, majani yakiwa bado na umande, ishike vizuri. Inawasha macho, inakereketa koo, na harufu yake ukiishi nayo mwezi mmoja huisikii tena. Mifuko yake ukiiacha nje asubuhi huikuti, basi inalala kwenye chumba chenye kufuli. Sikukaa chini nikaamua kwamba mtoto hana chumba tena. Ilitokea tu, mfuko baada ya mfuko.

Sasa akaja likizo, baada ya miaka sita kutoonana ila kwa simu. Kaingia na mabegi yake moja kwa moja mpaka pale, kasukuma mlango, kakuta mifuko imepanda mpaka usawa wa dirisha.

"Mama, mmenihamisha," akasema.

"Salfa inahama mwezi wa nane."

"Na mimi nitakuwa nimeshaondoka."

Akacheka, nami nikacheka. Akalala kitandani kwangu likizo yote, upande wa ukutani, kama alivyolala mpaka ana miaka saba. Asubuhi nikiamka namkuta kanivutia shuka lote. Kuna watu wanaoombea watoto wao mambo makubwa. Mimi nilitaka lile shuka livutwe.

Haya, kompyuta. Yupo mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu, mtu wa Kilimanjaro. Alikuja huku msichana mbichi, akapangiwa shule yetu, akasema atakaa mwaka mmoja, hajaondoka mpaka leo. Huyo ndiye aliyenifundisha kuandika. Mimi darasa la pili niliishia, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Herufi nimezipata ukubwani kwenye kisomo, mchana baada ya shamba, chini ya bati la shule, mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe alikuwa huyu huyu ninayemsimulia. Mwalimu akiandika ubaoni, huyu wangu anapiga kelele, na Mwalimu anageuka kusema, "Mwanafunzi wa mgongoni, subiri zamu yako." Baadaye zamu yake ilifika, akamfundisha darasa la kwanza mpaka la nne.

Mwalimu alipostaafu akapanga kijumba Chikongola afungue stesheneri, pale kwenye maduka, watu waje kuchapiwa barua na kutoa kopi. Mashine ya kutolea kopi alikuwa nayo. Kompyuta hakuwa nayo, na binti yangu ndiyo kazi yake, kule Mwanza anazitengeneza na kuziunda. Akasema, "Mwalimu, usinunue iliyotumika. Nitakuundia mpya mimi, nikija likizo." Akanunua vipande vyote Dar es Salaam akipita: sanduku la chuma, ule ubao mkubwa wanaouita mazabodi, na zile ramu mbili, vibao vyembamba virefu kama kitana, vina meno ya rangi ya dhahabu chini. Nikamuuliza ramu ya nini. Akasema, "Mama, ni kama meza ya kazi. Kompyuta inaweka hapo vitu inavyovishughulikia sasa hivi. Ikizima, meza inafutwa." Nikaelewa. Meza yangu mimi ilikuwa ungo.

Kipande kimoja kilisahaulika dukani, kile cha kuingizia umeme. Kikatumwa kwa basi, basi likachelewa, kikafika siku ya kumi. Siku zote hizo vile vipande vingine vilikaa wapi? Kwenye chumba chenye kufuli. Alikuwa ameshaufunga ubao ndani ya sanduku siku ya pili tu, kwa hamu, akauacha wazi bila kifuniko juu ya mifuko ya salfa. Na kila alfajiri kaka yangu anaingia, anakokota mfuko mmoja, anatoka. Mnaona ninakokwenda. Wakati ule hakuna aliyeona.

Siku ya kumi ilipofika akaiunganisha sebuleni, mezani, mimi niko mlangoni namenya ming'oko, vile viazi vya porini. Akabonyeza. Feni zikazunguka, taa zikawaka, nikaanza kupiga kigelegele.

"Subiri, mama. Kioo hakijawaka."

Nikakata kigelegele katikati. Ndani kulikuwa na kitaa kidogo cha njano pembeni ya zile ramu, kimewaka na hakizimiki. Akasema kile kinasema kuna shida kwenye ramu. Akazichomoa zote mbili, akairudisha moja. Ikawaka. Akafurahi. Akaongeza ya pili, ikawaka tena lakini ikahesabu moja tu, kama mwalimu aliyemruka mtoto kwenye orodha. Akaizima akaiwasha, ikahesabu zote. Akaanza kuweka mambo yake ndani, ikafika katikati kioo kikawa bluu kitupu na maandishi ya Kizungu.

"Inasema nini?"

"Inaomba radhi."

"Ina adabu kumbe."

Basi ndiyo tukaanza safari. Nilimwangalia akifanya kazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani. Alichora daftarini mistari kama ile ya mahudhurio: matundu manne ya kuchomekea ramu juu, ramu mbili pembeni, na kila akijaribu anaweka vema au kosa. Ramu ya kwanza tundu la pili, vema. Tundu la nne, kosa. Ramu ya pili tundu la nne, vema asubuhi, kosa mchana. Alikuwa na flashi yenye programu ya kupima. Anaichomeka, inakwenda saa nzima na zaidi inaandika na kusoma, inaandika na kusoma, na ikikuta kasoro inaweka mstari mwekundu. Nilikuwa nakaa naye kuvizia ile mistari. Wakati mwingine inakwenda vizuri mpaka tisini na kitu kwa mia, sote tumetulia, mara mwekundu huo. Akapunguza kasi ya ramu kwenye mipangilio yake. Akakaza skrubu, akalegeza skrubu. Haikusaidia.

Ikifika jioni tunaizima na kuibeba. Kuipeleka wapi? Chumbani, kwenye kufuli. Mwaka juzi tuliibiwa redio sebuleni mchana kweupe, sembuse kompyuta ya watu.

Mwalimu alikuwa akija kila baada ya siku moja, na mwavuli wake, anakaa, anakataa chai kisha anakunywa vikombe viwili.

"Ninyi Wamakonde," alisema siku moja, "mnachonga mti mpaka unatoka na sura ya shetani na meno yake yote. Kijisanduku hiki kinawashinda?"

"Mwalimu, kingekuwa mpingo ningeshamaliza," binti akamjibu, kichwa kikiwa ndani ya sanduku.

"Kibao cha duka kimeshachorwa. Rangi imekauka."

"Najua, Mwalimu."

"Sikuharakishi."

"Unaniharakisha, Mwalimu."

"Kidogo," akasema, na kuongeza sukari.

Ikafika Jumapili ambayo ndiyo ilikuwa aondoke. Hakuondoka. Alipiga simu kazini akaomba wiki moja, akapewa kwa shingo upande. Aliniambia, "Sitamwachia Mwalimu kitu kimekufa, tena nimekiua mimi." Nikamwambia sawa mwanangu, na sura nikaikunja ya masikitiko. Kisha nikatoka uani nikakaa kwenye kinu nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Hilo silifichi.

Alikuwa ameshaagiza ramu nyingine Dar es Salaam. Ikafika siku hiyo hiyo. Akaiweka, programu ikapima mpaka mwisho bila mstari hata mmoja. Akanikumbatia. Mimi nikayatazama mabegi yake. Tukaibeba, tukaifungia.

Jumatatu asubuhi akaiwasha, kitaa cha njano kikawaka. Ramu mpya kabisa, jana nzima, leo imekufa.

Sasa siku ile ile nilikuwa nakwenda kwenye hitima ya jirani, nikataka kuvaa bangili zangu. Hapa nipotee kidogo. Bangili ni mbili, za fedha, alizivaa mama yangu, alizifua sonara mmoja wa Mikindani, nzito, hazina nakshi. Mama alinivalisha siku naolewa na akaniambia nisizivue mbele ya mkwe. Nimezivua mbele ya mkwe na mbele ya watu wote, wakati wa kukanda na kubangua, lakini sijazipoteza. Zinakaa kwenye kopo la biskuti. Kopo linakaa kwenye kile chumba, kwa ajili ya kufuli. Na kila mwaka salfa ikianza kuletwa, jambo la kwanza ninalofanya ni kulitoa kopo, kulifunga kwenye kanga, kulipeleka chini ya kitanda changu. Kwa nini? Kwa sababu mwaka wa kwanza niliziacha humo, nikazikuta nyeusi kama masizi. Salfa inaila fedha. Hata nyaya za taa ya chumba kile zilipata ugonjwa, fundi akazikuta zimekuwa nyeusi kwenye viungio akazibadili. Nilijua hilo miaka yote.

Mwaka huu, kwa furaha ya ujio wa mtu, nililisahau kopo.

Nikalifungua pale kwenye mifuko. Nyeusi, zote mbili. Nikazishika mkononi, na macho yangu yakaenda penye alama ya sanduku la kompyuta juu ya mfuko, pale linapolala kila siku: mraba msafi, na kandokando yake vumbi la njano jembamba. Nikapitisha kidole.

Wasomaji, nilisimama pale nikajua. Sikusoma kompyuta, lakini nilijua kama ninavyojua chumvi imezidi. Yale meno ya dhahabu, yale matundu yenye nyaya ndogo ndogo ndani. Kila usiku sanduku linameza salfa. Ramu haina kosa, na binti yangu hana kosa.

Nikarudisha bangili kwenye kopo. Nikafunga kufuli. Nikaenda kwenye hitima mikono mitupu, na nilipoulizwa bangili nikasema mkono umevimba.

Nilinyamaza Jumatatu, nikanyamaza Jumanne, nikanyamaza Jumatano. Sikupanga. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia, kisha namkuta kavuta shuka, kalala mdomo wazi, nasema ngoja anywe uji kwanza. Akinywa uji, nasema ngoja nimpikie kisamvu cha nazi, kule Mwanza wanampikia samaki tu. Jumanne tulikwenda shamba pamoja, akaniuliza majina ya miti kama mgeni, nikamfundisha upya. Jumatano alinisuka nywele, hizi nyeupe chache, akanisuka mistari minne iliyolala, akaniambia kichwa changu kimepungua. Na kila jioni sanduku lilibebwa kwenda kwenye kufuli. Jumanne alichoka, nikalibeba mimi. Mikono yangu hii. Nililiweka juu ya mfuko, pale pale kwenye mraba wake, taratibu, kama ninalaza mtoto.

Mwalimu akaja Jumatano. Safari hii hakutania. Alisema shule zinafungua wiki ijayo, wazazi wameshamuuliza, kuna mmoja kamwachia karatasi za mtihani za kuchapa, ikabidi amwelekeze kwa mchapaji mwingine. Alisema hivyo huku akiniangalia mimi, akitaka nimpe pole. Huyu ni mtu aliyenishika mkono akanionyesha herufi a inavyopindwa. Nikampa pole. Chai nilimwekea sukari nyingi mno, akainywa.

Kilichonitoa ni Alhamisi. Nilitoka kuchota maji nikamkuta kakaa sakafuni, sanduku limefunguliwa, vipande vimepangwa juu ya kanga yangu ya zamani, na yeye ameweka mikono mapajani haifanyi kitu. Daftari lilikuwa limejaa vema na makosa, ukurasa wa sita sasa.

"Mama," akasema, "labda mikono yangu ndiyo mibaya."

"Mikono yako ina nini?"

"Sijui. Nimeunda nyingi. Kazini wananipa mimi zilizowashinda wengine. Sasa hii moja, ya Mwalimu, nimeigusa tu imekufa. Nikirudi nitamwambia bosi anihamishie kwenye mauzo. Nisiguse tena."

Hakulia kwa sauti. Alikuwa akivigeuzageuza vidole vyake anaviangalia. Huyu mtoto alipokuwa na miaka tisa alifungua redio ya baba yake mezani, ikatoka skrubu moja zaidi, na redio ikaimba. Baba yake alimpa ile skrubu aitunze. Nikamwona sasa anataka kuivua mikono ile kwa sababu mimi nataka kulala ubavuni mwake.

Niliweka ndoo chini. Nikaenda chumbani, nikachukua kopo, nikamwagia bangili mapajani pake.

Akazitazama. "Zimefanya nini hizi?"

"Zimelala na salfa."

Akaziweka kando. Kisha akainua ramu, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaitazama meno kwa jicho moja. Akainama kwenye ubao akaweka pua kwenye tundu.

"Mimi harufu siisikii," akasema.

"Hakuna anayeisikia humu ndani. Tumeshazoea."

Akapitisha pamba yenye spiriti kwenye tundu. Ikatoka ya njano, na ndani ya njano weusi. Akakaa kitako.

"Umezitoa lini hizi bangili?"

Ningeweza kusema leo. "Jumatatu," nikasema.

"Leo Alhamisi."

"Najua siku, mwanangu."

Sikumwangalia. Nilisikia kuku wanakwaruza uani na kaka yangu anakohoa. Nilimwogopa mtoto niliyemzaa. Baadaye akasema, polepole, "Ndiyo maana kisamvu kilikuwa kila siku," na sikujua kama amekasirika. Alikuwa amekasirika. Mchana kutwa alinijibu kwa neno moja moja, ndiyo, hapana, asante, na neno moja moja la mtoto wako linachoma kuliko ile salfa.

Lakini mikono ilirudi. Alinituma kwa Mwalimu kuchukua kifutio cha penseli, kile kigumu cheupe. Akasugua meno ya kila ramu mpaka yakang'aa. Akanunua mswaki mpya laini, akausafisha ubao tundu kwa tundu na spiriti. Kaka yangu akaleta pampu ya baiskeli, akapuliza vumbi huku akiambiwa taratibu mjomba, hilo siyo tairi. Wakairudisha. Kitaa cha njano kikawaka kwa pumzi moja tu kikazimika, kioo kikaja. Programu ikapima Alhamisi mpaka jioni na Ijumaa kutwa, ramu zote tatu, matundu yote manne kwa zamu. Hakuna mwekundu. Usiku wa Alhamisi sanduku lililala kitandani kwetu, katikati yetu, limefunikwa shuka. Mnaweza kucheka.

Ijumaa jioni ikawashwa Chikongola. Mwalimu alichapa jina lake, akalifuta, akalichapa tena kubwa zaidi. Akamwambia binti yangu, "Mwanafunzi wa mgongoni, zamu yako imefika." Binti akaniangalia juu ya kichwa cha Mwalimu. Hakusema zile siku tatu. Mpaka leo Mwalimu hazijui. Haya ninayaandika kwenye daftari, na atakayeyachapa ni yeye kwenye kompyuta ile ile, kwa hiyo atazijua akifika hapa. Mwalimu, nisamehe. Makosa ya herufi nirekebishie, hili liache.

Jumamosi nilimsindikiza stendi. Asubuhi hiyo kabla ya kutoka alichukua kile kifutio akasugua bangili zangu. Fedha haisuguliki kama meno ya ramu. Alipata nusu ya bangili moja na muda ukaisha. Alinivalisha zote mbili hivyo hivyo. Kwenye mlango wa basi akasema, "Mama, ungeniambia tu nikae."

"Ungekaa?"

Alifikiri. Hakunidanganya, na kwa hilo namshukuru. "Siku moja," akasema. "Labda mbili."

"Basi mimi nilipata tatu."

Akacheka, akapanda.

Wiki ile ile nikamwambia kaka yangu tuitoe salfa mle ndani. Akauliza ipelekwe wapi, nikasema kwangu. Sasa mifuko inalala na mimi, upande wa ukutani, na kopo liko kwa Mwalimu. Chumba cha binti nimekifagia mara nne, kuta nimezipiga chokaa, kitanda nimeagiza kwa seremala. Alipopiga simu nikamweleza yote. Akafurahi. Akasema, "Basi nikija nitalala chumbani kwangu kama zamani."

Nikasema ndiyo mwanangu, kipo, ni chako. Nilipokata simu ndipo nikaelewa nilichokifanya. Seremala bado hajaanza kile kitanda. Sijamkumbusha.